Mzee Ndaki, Msimamizi wa Mfumo

Siku ya semina ya milango, Justa Ndaki alifika getini na ndoo ya dagaa iliyobaki sokoni Katoro, na ombi lile lile alilokuja nalo kila alipopata nauli ya bodaboda. Alikuwa anaomba mifupa ya baba yake. Mlinzi Makoye, aliyelisikia ombi hilo mpaka akalijua kwa kichwa, alimwamkia, akaipokea ndoo na kuiweka kivulini, akamwambia meneja yupo ila leo ana semina, basi akae na watu wa semina asubiri. Justa akaketi chini ya turubai lililofungwa mbele ya jengo jipya la mgodi, mstari wa nyuma, akapewa soda, pakiti ya biskuti na kalamu yenye nembo ya kampuni kama watu wote.

Mbele alisimama Injinia Stanslaus, aliyetoka Mwanza kuja kufunga milango ya umeme. Alikuwa anafundisha istilahi. Alisema mlango wa kisasa hautumiki na mtu asiyejua majina ya vitu vyake. Kitambulisho si lazima kiwe kadi. Ni chochote unachouonyesha mlango ili ukujue, iwe kadi, kidole, namba ya siri au uso. Kisomaji ni kile kiboksi cheusi ukutani. Watu wengi hukigombeza bure, maana chenyewe hakiamui kitu, kinapeleka habari tu. Inayoamua ni paneli iliyoko chumba cha mitambo, na juu ya paneli kuna msimamizi wa mfumo, ambaye ndiye anayesema nani apite wapi na saa ngapi. Ruhusa hiyo inaitwa haki ya kuingia. Kitambulisho kinasema wewe ni nani, na haki ya kuingia inasema kama hilo linatosha.

Justa alilielewa somo hili bila taabu. Alikuwa amezungushwa ofisi nyingi akiwa na kitambulisho safi kabisa.

Stanslaus akaendelea na kufuata mgongo, yaani mtu mmoja kufungua kwa kadi yake na mwingine kupenya nyuma yake. Hilo ni kosa. Dada mmoja wa uhasibu akauliza kama anayekufuata ni mtu mzima, mwenye umri wa mama yako, unamfungia mlango usoni? Stanslaus akajibu kwamba mfumo hautambui umri. Mwingine akauliza swali linaloulizwa kwenye kila semina nchini, la umeme kukatika. Stanslaus akasema kuna milango ya aina mbili. Upo ambao umeme ukikatika unafunguka, huo huokoa watu, na upo ambao umeme ukikatika unabaki umefungwa, huo huokoa mali. Donatus, meneja wa utawala, aliyekaa mbele na tai yake fupi, alieleza kwamba kampuni ilitafakari sana suala hilo na ikachagua ule wa pili.

Jengo lenyewe lilisimama pale palipokuwa kitongoji cha Nyamalulu, na mahali hasa palipokuwa mji wa Mzee Ndaki, baba yake Justa. Mzee Ndaki alifariki kabla kampuni haijafika na mashine zake, akazikwa kama walivyozikwa wenye miji wa zamani wa Kisukuma, ndani ya zizi, karibu na mlango wake. Ng'ombe walipita juu yake wakienda na kurudi malishoni mpaka ardhi ikawa tambarare, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa, mwenye mji aendelee kuwasikia wakiingia. Hakuwekewa msalaba wala saruji. Wathamini wa kampuni walipokuja, walipita na kipimo chao wakiwa na maelekezo kwamba kaburi ni kitu chenye msalaba, saruji au jiwe. Makaburi ya namna hiyo yalihamishwa kwa heshima zote, yakaombewa na mchungaji na shehe. Zizi la Ndaki liliandikwa zizi. Nguzo zake zililipwa, na baba wa watu akabaki pale chini. Juu yake kikajengwa chumba cha mitambo.

Mama yake Justa, bibi Apolonia, alikuwa Katoro, kwenye chumba cha uani, miguu imevimba na hatoki tena kitandani. Hakuwa analalamika. Alisema tu kwamba yuko tayari kufa wakati wowote, ila hatalala ardhini peke yake kama mgeni, kwa hiyo Justa amletee kwanza mzee wake. Kwa sababu hiyo Justa alikuwa na haraka, na kwa sababu hiyo hiyo alikunywa soda ya semina bila kuisikia ladha.

Nadharia ilipokwisha wakaingia kwenye vitendo. Donatus alitangulia mlangoni, akagusisha kadi yake. Taa ikawaka nyekundu. Akaigeuza kadi, akaifuta kwenye suruali, akagusisha tena, nyekundu. Stanslaus akatoa ya kwake, iliyokuwa na haki zote za jengo zima, nayo ikapata nyekundu. Wafanyakazi wakapanga foleni wakajaribu mmoja mmoja, kwa kadi na kwa kidole, na mlango ukawakatalia wote bila upendeleo.

Justa alikuwa amebanwa na haja ndogo tangu asubuhi na alikuwa ameambiwa vyoo viko ndani. Akapita pembeni ya foleni ili aulize ni upande gani. Alipofika karibu na kisomaji taa ikawa ya kijani, sumaku ikaachia, mlango ukafunguka. Akasema asante, akaingia. Donatus alijaribu kumfuata mgongo, mlango ukafunga mbele ya kiatu chake. Walimtazama kupitia vioo akipita korido, na kila mlango aliousogelea ukimwachia.

"Huyu mama yumo kwenye mfumo?" Donatus aliuliza.

"Hayumo," alisema Stanslaus. "Ila haki anayo."

Akafungua kompyuta yake palepale juu ya kreti la soda. Kwenye orodha ya wasimamizi, juu ya jina lake mwenyewe, lilikuwepo jina jingine ambalo hakuliweka yeye. Liliandikwa Ndaki, basi. Halikuwa na namba ya siri wala tarehe ya kusajiliwa. Akajaribu kulifuta. Kompyuta ikamjibu kwamba hana mamlaka ya kumwondoa mtumiaji huyo, naye akalisoma jibu hilo kwa sauti, kama mtu anayesoma bei ya mafuta.

"Ndaki ndiye nani?" Donatus aliuliza.

"Ni baba yangu," alisema Justa, ambaye alikuwa amerudi na anafuta mikono kwa kanga. "Yuko chini ya hicho chumba chenu cha mitambo. Si ndicho ninachowaambia siku zote?"

Donatus alimgeukia mhandisi kutaka kujua kama jambo hilo linawezekana kitaalamu. Stanslaus alisema linawezekana. Kila paneli ina waya unaoshuka ardhini kupeleka umeme wa ziada, na waya wa jengo hili ulishushwa chini sana kwa sababu udongo wa Geita ni mkavu. Kama umemgusa mtu aliyezoea kufungua na kufunga maisha yake yote, hakuna sababu ya yeye kuacha.

"Yuko kwenye mishahara yetu?"

"Hayuko."

"Basi halina shida kwa idara yangu," Donatus alisema. "Tatizo ni kwamba hatuwezi kuingia."

Justa aliwaambia kosa ni lao. Hakuna mtu anayeingia kwenye mji wa watu akiwa na kadi tu shingoni. Mgeni anatambulishwa kwa mwenye mji, anatajwa ni mtoto wa nani na amefuata nini, ndipo apite. Akamshika Donatus mkono, akamsogeza mbele ya kile kiboksi cheusi, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, baba," alisema, ile salamu ya Kisukuma ya jioni. "Huyu ni Donatus. Baba yake aliitwa nani, meneja?"

"Bartholomeo."

"Ng'wana Bartholomeo. Amekuja kufanya kazi."

Taa ikawa ya kijani. Stanslaus aliandika kwenye daftari lake kwamba usajili wa watumiaji utafanyika kwa utambulisho wa mdomo, kupitia mwanafamilia.

Tangu hapo Justa akaajiriwa. Cheo chake kilikuwa Mratibu wa Utambulisho, akapewa fulana, kofia ngumu na buti zilizompwaya, ingawa kazi yake yote ilikuwa kusimama ukumbini. Wafanyakazi wote walipita mikononi mwake. Yupo kijana wa stoo ambaye hakumjua baba yake, akatambulishwa kwa jina la bibi aliyemlea, na mlango ukamfungukia upesi kuliko ulivyomfungukia meneja. Mkurugenzi mmoja alikuja kwa ndege kutoka ng'ambo kukagua, akakwama nje kwenye vumbi kwa sababu yeye na baba yake walikuwa wamenuniana kwa miaka na hakutaka kulitaja jina lake. Mwisho alimpigia simu. Walizungumza hadi chai ikapoa, mkurugenzi akafuta macho, akaingia, akakagua, na katika taarifa yake akausifu mfumo kwa usalama wa kiwango cha juu.

Ng'ombe nao walikuja. Wakati wa kuhama Justa alikuwa amewauza kwa mfugaji wa jirani, na jioni moja majike waliozaliwa Nyamalulu waliachana na kundi lao, wakaja mpaka kwenye geti la kuzunguka, wakapita mmoja mmoja, kila mmoja na taa yake ya kijani, wakalala nje ya chumba cha mitambo wakicheua. Asubuhi wakatoka kwa utaratibu ule ule. Stanslaus alifurahi kwamba hakuna hata mmoja aliyefuata mgongo wa mwenzake, akautaja mfano huo kwa watu wa uhasibu. Kampuni ikawaandika wageni wa kudumu, ikamwongezea mfagizi ndoo na chepeo.

Justa alisubiri mpaka kila kitu kilipokuwa kinakwenda vizuri. Siku aliyoona meneja amekaa kwa raha na kikombe chake cha kahawa, akabisha hodi ofisini.

"Meneja, zamani mlisema hakuna mtu chini pale. Sasa mnajua yupo. Naomba mnipe baba yangu nikamzike Katoro. Mama hali yake si nzuri."

Donatus alimkaribisha kiti. Alisema kampuni inakiri kikamilifu kuwepo kwa Mzee Ndaki na inathamini mchango wake. Zamani ombi lilikataliwa kwa kukosa ushahidi, na hilo limerekebishwa. Sasa ugumu ni mwingine kabisa, naye angependa mhandisi aueleze mwenyewe. Stanslaus akaitwa, akaeleza kwa upole kwamba msimamizi mkuu hawezi kuondolewa mfumo ukiwa unafanya kazi, maana milango yote itakosa wa kuiamulia.

"Na usipokuwa unafanya kazi?" Justa aliuliza.

"Haujawahi kuacha kufanya kazi, mama. Ni mfumo mzuri sana."

"Kwa hiyo mkidhani hayupo, hatoki kwa sababu hayupo. Mkijua yupo, hatoki kwa sababu yupo."

"Kwa sasa ndivyo ilivyo," alisema Donatus, na akamwongezea posho ya chakula.

Justa alitoka pale damu inamchemka. Hakwenda ukumbini, alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha mitambo, mlango ukamwachia, akasimama kwenye sakafu ya vigae vyeupe, mashine zikivuma pande zote. Alimweleza baba yake habari yote kwa Kisukuma. Alimwambia hawa watu hawana nia ya kumtoa. Akamwomba kesho awafungie wote nje, kuanzia meneja mpaka mpishi, wakae juani mpaka wenyewe walete majembe. Taa ndogo ya paneli ilikuwa ya kijani alipoanza na ya kijani alipomaliza.

Kesho yake alisimama mbele ya jengo akiwa amefunga mikono kifuani. Mabasi ya wafanyakazi yakafika, watu wakashuka na kadi zao, na milango ikawafungukia wote. Donatus alifunguliwa kabla hata hajatoa kadi mfukoni.

Kwa mara ya kwanza tangu baba yake azikwe, Justa alimkasirikia. Alimkumbuka jinsi alivyokuwa. Mzee Ndaki alifunga zizi kwa ajili ya fisi, hakuwahi kumfungia mtu aliyekwisha kula kwake. Watu wa kwanza kabisa wa kampuni, wale waliokuja na nyundo ndogo wakigonga mawe, yeye ndiye aliyewachinjia jogoo na kuwaonyesha mahali pa kutundika hema, na walipomuuliza mwamba mweupe unaobeba dhahabu uko wapi aliwasindikiza mwenyewe kwa mguu, akiwabebea maji. Justa aliyajua yote hayo, ila alidhani kufa kungemfundisha.

"Baba, watu hawa si wageni tena," alikiambia kile kiboksi. "Mgeni huondoka."

Kiboksi kikatoa mlio mfupi, ule wa kukaribisha. Alikuwepo mtu nyuma yake anasubiri kupita.

Bibi Apolonia alifariki wakati wa palizi ya pamba, saa ya uji, akiwa ameshika kikombe. Kampuni ilitoa gari, turubai na magunia mawili ya mchele. Justa aliomba wamruhusu mama yake alazwe Nyamalulu, karibu na mumewe, hata nje ukutani, hata chini ya maegesho. Donatus alisikitika naye kwa dhati, alikuwa mtu wa huruma. Lakini eneo la mgodi halina kibali cha kuzika, na jengo la ofisi kisheria haliwezi kuwa makaburi. Justa akamkumbusha kwamba tayari kuna mtu amezikwa mle. Donatus alisema huyo hahesabiwi kama marehemu, ni msimamizi wa mfumo.

Basi akazikwa Katoro, kwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Justa hakutaka mchezo. Alimwekea saruji nene, msalaba wa chuma, vigae juu yake, na jina lililoandikwa kwa rangi nyeusi herufi kubwa, ili hata mpimaji kipofu ajikwae. Alifanya hivyo kwa upendo, lakini aliporudi ndani na kukuta kitanda cha mama kimekunjwa, alilia kwa uchungu kwa sababu alikuwa amemzika peke yake, jambo moja tu aliloombwa asilifanye.

Jioni ya siku aliyorudi kazini, jua likiwa linazama, kengele ililia kwenye kibanda cha ulinzi. Makoye alitazama skrini yake. Mlango wa chumba cha mitambo, unaotazama upande wa barabara ya Katoro, ulikuwa wazi na haufungi. Wakaenda watu wawili wakausukuma, ukarudi pale pale. Donatus akampigia Stanslaus simu Mwanza, akaiweka kwenye spika.

"Umelazimishwa au umeshikiliwa?" Stanslaus aliuliza. "Hayo ni mambo mawili tofauti. Mlango uliolazimishwa umefunguliwa na mtu asiye na haki. Mlango ulioshikiliwa umefunguliwa kihalali, ila kuna mtu anauzuia usifunge."

Makoye akasoma skrini. "Umeshikiliwa."

"Nani ameushikilia?"

"Panaandikwa Ndaki."

"Basi huyo Ndaki anamsubiri mtu," Stanslaus alisema. "Kengele itaendelea mpaka anayeushikilia aondoke, au anayesubiriwa aingie. Hayo ndiyo marekebisho yanayojulikana."

Wote walimtazama Justa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, upepo wa jioni ukimpeperushia kanga ya msiba.

"Meneja," alisema taratibu, "umemsikia mwenyewe. Ama mnitolee baba, ama mniruhusu nimlete mama. Mimi nimechoka kuomba. Huyu mzee amewafungulia kila siku, hajawaomba kitu. Leo ndiyo mara ya kwanza anaomba."

Ilionekana usoni mwa Donatus kwamba jambo lilimgusa, maana alivua kofia ngumu na kuishika mkononi. Kisha akaisogelea simu.

"Injinia, hakuna la tatu?"

"Lipo," alisema Stanslaus. "Naweza kubadilisha muda unaoruhusiwa. Sasa hivi mlango ukikaa wazi zaidi ya nusu dakika mfumo unahesabu ni kosa. Nikiandika usiku mzima, hautahesabu."

"Andika," alisema Donatus.

Kengele ikanyamaza. Meneja akamshukuru kila mtu, akamtakia Justa usiku mwema, akaenda kwenye gari lake. Kesho yake kampuni ilinunua zulia la kufutia miguu, kwa sababu vumbi la barabarani lilikuwa linaingia kwenye mitambo.

Kila jioni mlango ule unafunguka jua likizama na kubaki hivyo mpaka alfajiri. Kabla ya kupanda bodaboda kurudi Katoro, Justa hupita pale. Humwambia baba yake afunge, asipigwe na baridi bure, mama haji, wamemlaza mbali na njia ya zamani imechimbwa. Husubiri kidogo aone kama amemsikia. Mlango haufungi. Kibandani, Makoye huitazama skrini yake, ambapo mstari wa mlango ule, uliokuwa mwekundu siku ile, sasa umeandikwa kwa kijani: hali ya kawaida.